Vigae vya Kirumi Pwani ya Afrika Mashariki: Uzito na Mipaka ya Ushahidi Uliookotwa

Ikisiri

Vigae vya vyombo vya udongo vilivyofinyangwa katika milki ya Roma vimepatikana mahali pachache katika mwambao wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Baadhi vilitoka katika uchimbaji uliopangwa. Vingine vilionwa au kuokotwa kwa bahati, na habari zake zikaandikwa baada ya miaka mingi. Makala haya yanapima uzito wa ushahidi wa aina hiyo kwa kuangalia kisa cha Bur Gao, matokeo ya Ras Hafun, Rufiji na Unguja Ukuu, pamoja na funzo la Arikamedu nchini India. Hoja kuu ni kwamba kigae cha Kirumi kinaeleza machache kuhusu Warumi na mengi kuhusu wenyeji waliokipokea. Lakini hufanya hivyo pale tu panapojulikana mahali kilipolala na vitu vilivyolala pamoja nacho. Makala yanamalizia kwa kupendekeza utaratibu mwepesi wa kuripoti vitu vya kale vinavyopatikana kwa bahati katika nchi za ukanda huu.

1. Utangulizi

Muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, afisa mmoja Mwingereza, Kapteni C. W. Haywood, alipita Bur Gao, bandari ndogo ya kusini mwa Somalia ya leo ambayo Waingereza waliiita Port Dunford. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa baadaye, alipata hapo sarafu za kale na chombo cha udongo chenye umbo la mtungi wa Kigiriki. Sarafu zilihifadhiwa na hatimaye zikachunguzwa na wataalamu. Chombo hakikuhifadhiwa, kilivunjika, na vigae vyake vikatupwa.

Kwa mtazamo wa wakati ule, uamuzi huo ulikuwa wa kawaida. Sarafu ina sura ya mfalme na maandishi. Kigae ni kipande cha chungu tu. Hata hivyo, sarafu za Bur Gao zimewatatiza wanahistoria tangu zilipojulikana. Miongoni mwake zimo za ukoo wa Ptolemaio uliotawala Misri, za makaisari wa Roma, na pia za Wamamluki na Waturuki wa Uthmaniya. Kati ya za mwanzo na za mwisho ipo tofauti ya zaidi ya miaka 1500. Haiwezekani mfanyabiashara mmoja awe alizibeba zote kwa ajili ya biashara yake. Yamkini zilikusanywa na mtu wa karne za karibuni. Yamkini pia mafungu mawili au matatu yalichanganywa kabla ya kumfikia mtaalamu wa kwanza. Chombo kilichotupwa ndicho kingeweza kusaidia kuamua. Udongo wake ungeonyesha kilifinyangwa wapi, umbo lake lingeonyesha kilitengenezwa lini, na mahali kilipochimbuliwa pangeonyesha kilizikwa pamoja na nini.

Kisa hicho kinabeba swali la makala haya. Kitu cha kale kinapopatikana kwa bahati, bila mpango wa uchimbaji na bila kumbukumbu ya tabaka, kinaweza kuthibitisha nini? Swali hili lina uzito wa pekee kwa Afrika Mashariki, kwa kuwa kwa muda mrefu historia ya mwambao ilipimwa kwa vitu vya kigeni: kauri ya China, vyombo vya Uajemi, shanga za India na sarafu za Roma. Vitu hivyo vilitumiwa kama saa ya kupimia miaka, na mara nyingi pia kama hoja kwamba maendeleo ya pwani yaliletwa na wageni. Kwa hiyo namna ya kusoma kigae kimoja inagusa namna ya kusoma historia ya watu wote wa pwani.

2. Kigae kama shahidi

Chombo cha udongo kina tabia moja inayokifanya kiwe shahidi mzuri. Kikivunjika hakina thamani sokoni. Hakiyeyushwi kama dhahabu na shaba ili kufanywa kitu kingine, wala hakiozi kama mti, ngozi na nguo. Hutupwa karibu na mahali kilipovunjikia, na hubaki hapo kwa karne nyingi. Ndiyo maana vigae huzidi kwa wingi karibu vitu vingine vyote katika makazi ya kale.

Vyombo vya Kirumi vinavyohusika na mjadala huu ni vya aina kuu mbili. Aina ya kwanza ni mitungi mikubwa ya kusafirishia, yenye shingo nyembamba, mikono miwili na kitako kilichochongoka, ambayo wataalamu huiita amfora. Humo vilitiwa mvinyo, mafuta na mchuzi wa samaki. Mtungi wa namna hiyo haukuwa bidhaa yenyewe. Bidhaa ilikuwa ndani yake. Aina ya pili ni vyombo vya mezani, yaani sahani na bakuli zenye utando mwekundu unaong'aa. Hivi viliuzwa kama bidhaa, lakini pia vilisafiri katika masanduku ya mabaharia kwa matumizi yao wenyewe.

Mtaalamu hutambua asili ya kigae kwa kuangalia udongo na chembechembe zilizomo. Kipande chembamba hukatwa na kuchunguzwa kwa hadubini, au udongo hupimwa kikemikali, ili kulinganisha madini yake na ya maeneo ya viwanda vinavyojulikana. Umbo la mdomo, kitako na mikono husaidia kukadiria wakati, kwa kuwa mitindo ya wafinyanzi ilibadilika kila baada ya kizazi au viwili. Kwa njia hiyo kigae chenye ukubwa wa kiganja kinaweza kutaja nchi kilikotoka na karne yake.

Hata hivyo, vipo vitu viwili ambavyo kigae hakiwezi kuvitaja peke yake. Kwanza, tarehe ya kufinyangwa si tarehe ya kufika. Mtungi uliomalizika mvinyo uliweza kutumika miaka mingi kwa maji au nafaka, ukahamishwa kutoka bandari moja hadi nyingine, na kuvunjikia mbali na mkono wa mnunuzi wa kwanza. Pili, kigae hakitaji aliyekileta. Huenda kilifika kama bidhaa, kama zawadi, kama chombo cha baharia, au katika farumi, yaani mawe na mchanga uliotiwa chomboni ili kukituliza, kisha ukamwagwa ufukweni wakati wa kupakia shehena. Tabaka la ardhi na vitu jirani ndivyo vinavyosaidia kuchagua kati ya uwezekano huo. Kigae kilichookotwa ufukweni na kupelekwa mjini bila maelezo kinabaki na jina la kiwanda tu, na kimeshapoteza nusu ya ushuhuda wake.

3. Maandishi ya kale na mipaka yake

Vigae vya Kirumi katika mwambao huu havisomwi bila maandishi. Andiko muhimu kuliko yote ni lile liitwalo Periplus ya Bahari ya Eritrea, lililoandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri katikati ya karne ya 1 B.K. Mwandishi anaeleza safari kutoka bandari za Misri katika Bahari ya Shamu, kupitia Pembe ya Afrika, hadi pwani aliyoiita Azania. Anataja soko la Opone, linalohusishwa na Ras Hafun, na anamalizia na Rhapta, soko la mwisho la kusini, ambalo jina lake linatokana na vyombo vya baharini vilivyoshonwa kwa kamba. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mara moja mtepe, chombo kilichoendelea kushonwa kwa kamba za makumbi katika mwambao huu hadi zama za karibuni.

Mambo matatu katika andiko hilo yanahusu vigae moja kwa moja. La kwanza ni orodha ya bidhaa. Zilizopelekwa kusini ni mikuki iliyotengenezwa Muza nchini Yemeni, mashoka, visu, vyuma vidogo vya kutobolea na aina mbalimbali za vioo. Zilizochukuliwa ni pembe za ndovu, vipusa na magamba ya kasa. Vyombo vya udongo havimo katika orodha ya bidhaa za kuuza. La pili ni maelezo kwamba katika baadhi ya mahali mvinyo na ngano vilipelekwa kwa wingi kiasi, si kwa ajili ya faida, ila kwa ajili ya kupata urafiki wa wenyeji. Ikiwa mvinyo ulifika, mitungi ilifika. Na ikiwa ulikuwa kitu cha kukirimu, basi kigae cha mtungi kinaweza kuwa mabaki ya adabu ya biashara zaidi ya kuwa mabaki ya biashara yenyewe. La tatu ni kwamba watu wa Muza walikuwa na mamlaka ya kibiashara juu ya Rhapta, na walituma huko manahodha na mawakala Waarabu waliozoea mahali hapo, waliooa huko na kuijua lugha ya wenyeji.

Takriban karne moja baadaye, Ptolemaio mwanajiografia wa Aleksandria aliitaja Rhapta kama mji mkuu, akaandika pia habari za maziwa ya bara ambayo maji yake yalidhaniwa kuulisha mto Nili. Habari hizo zilimfikia kupitia maelezo ya mabaharia. Inaonekana basi kwamba wenyeji wa pwani walikuwa na maarifa fulani ya bara, na kwamba maarifa hayo nayo yalisafiri pamoja na pembe za ndovu. Kwa watafiti wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, hapa ndipo suala la vigae vya pwani linapoacha kuwa la pwani peke yake.

4. Vilivyopatikana

Ushahidi wa wazi zaidi wa vyombo vya Kirumi karibu na mwambao wa Azania umetoka Ras Hafun, kaskazini mashariki mwa Somalia. Msafara ulioongozwa na Neville Chittick mwaka 1975 ulikusanya vigae katika maeneo mawili ya rasi hiyo, na uchambuzi wake ukachapishwa na Matthew Smith na Henry Wright mwaka 1988. Eneo la magharibi lilikuwa na vyombo vilivyohusiana na Misri ya Kirumi na ulimwengu wa Mediterania, pamoja na vingine vya upande wa Mesopotamia. Eneo kuu, ambalo kwa jumla ni la baadaye, lilionyesha zaidi uhusiano na Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Kwa hiyo Hafun haitoi picha ya uhusiano mmoja na Roma. Inatoa picha ya kituo ambacho njia zake zilibadilika kadiri nguvu za kibiashara zilivyohama kutoka Bahari ya Shamu kuelekea Ghuba.

Kusini zaidi, ushahidi ni haba, na kila kipande kina mzigo mkubwa wa kubeba. Katika eneo la Rufiji, mwanaakiolojia Mtanzania Felix Chami alitangaza mwaka 1999 kupatikana huko Mkukutu kwa shanga za kioo alizozihusisha na ulimwengu wa Kirumi. Shanga si vigae, lakini zina umuhimu hapa kwa sababu mbili. Periplus inataja vioo miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa kusini, na shanga hizo zilipatikana katika mazingira ya wenyeji wa mwanzo wa zama za chuma. Hazikuokotwa peke yake; zilitoka pamoja na mabaki ya watu waliozipokea.

Huko Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, uchimbaji wa Abdurahman Juma ulitoa vigae vichache vya vyombo vya mezani vyenye utando mwekundu, alivyovieleza katika makala ya mwaka 1996 kuwa vya kipindi cha mwisho cha Roma, yaani karne ya 5 na ya 6 B.K. Wataalamu wameendelea kujadiliana kuhusu wakati makazi hayo yalipoanza, na mjadala huo wenyewe unaonyesha tofauti kati ya tarehe ya chombo na tarehe ya tabaka. Lakini jambo moja kuhusu vigae hivyo halipewi uzito wa kutosha. Vyombo vya aina hiyo vilitengenezwa Afrika Kaskazini, hasa katika eneo la Tunisia ya leo. Kwa hiyo kinachoitwa chombo cha Kirumi kilichofika Unguja ni udongo wa Afrika uliofinyangwa na mafundi wa Afrika chini ya utawala wa Roma. Neno "Kirumi" linataja dola na soko. Halitaji asili ya mfinyanzi.

5. Funzo la Arikamedu

Namna ushahidi uliookotwa unavyoweza kukua, na namna unavyoweza kupotosha, inaonekana vizuri katika Arikamedu, karibu na Pondicherry, kusini mashariki mwa India. Katika miaka ya 1930 na 1940, vitu vya kale vilivyojitokeza kandokando ya mto vilivutia macho ya wasomi wa Kifaransa waliokuwa huko, akiwemo Jouveau-Dubreuil. Mwaka 1944 Mortimer Wheeler, aliyekuwa ameteuliwa kuongoza idara ya akiolojia ya India, aliona katika jumba la makumbusho la Madras kipande cha amfora kilichotoka eneo hilo. Mwaka uliofuata alichimba, akapata vigae vya vyombo vyekundu vya mezani vilivyotengenezwa Arezzo, Italia. Kwa kuwa umri wa vyombo hivyo ulijulikana vizuri huko Ulaya, viligeuka kuwa ufunguo wa kupangia miaka ya vyungu vya India ya kusini vilivyokuwa havina tarehe.

Hayo ndiyo mafanikio. Upungufu wake ulionekana baadaye. Wheeler alikieleza kituo hicho kama cha biashara kilichochipuka kutokana na ujio wa Warumi. Uchimbaji ulioongozwa na Vimala Begley kati ya 1989 na 1992 ulionyesha kuwa watu walikuwa wakiishi hapo kabla ya vyombo vya Italia kufika, na waliendelea kuwapo muda mrefu baada ya vyombo hivyo kukoma. Aidha, aina moja ya sahani zenye mapambo ya nukta za kuzungusha, iliyowahi kuhusishwa na ustadi wa Mediterania, ilibainika kwa uchunguzi wa udongo kuwa ilitengenezwa katika Bara Hindi lenyewe. Kigeni kiliwahi kuonekana pale palipokuwa na cha wenyeji, kwa sababu cha kigeni ndicho kilichotafutwa.

Funzo hilo linaweza kugeuzwa na kupimwa upande wa pili. Katika bandari ya Berenike, kwenye pwani ya Misri, wachimbaji wamepata vigae vingi vya vyombo vya India, pamoja na mtungi wa India uliokuwa na zaidi ya kilo 7 za pilipili manga ndani ya hekalu. Hakuna mwanahistoria aliyehitimisha kwamba Berenike ilijengwa na Wahindi au kwamba Misri iliendelezwa kutoka Bara Hindi. Wote wanasema tu kwamba Berenike ilikuwa bandari iliyonunua kutoka mbali. Kipimo kinachotumika Berenike ndicho kinachopaswa kutumika Rufiji na Unguja.

6. Vigae hivyo vinaashiria nini

Kwa kuzingatia hayo, vigae vya Kirumi katika mwambao huu vinaruhusu hitimisho nne za kadiri.

Kwanza, vinathibitisha mnyororo wa usafiri na si lazima uwepo wa Warumi. Maelezo ya Periplus kuhusu manahodha wa Muza, na desturi ya pepo za kaskazi na kusi iliyowalazimu mabaharia kusubiri msimu bandarini, yanaonyesha kwamba kitu kiliweza kupita mikono mitatu au minne kabla ya kufika Rhapta. Kigae kinashuhudia mwisho wa safari. Hakishuhudii msafiri mmoja.

Pili, uchache wake ni taarifa. Ni rahisi kuueleza kwa kusema kuwa utafiti bado haujatosha, na hilo ni kweli kwa kiasi chake. Lakini orodha ya bidhaa haina vyombo vya udongo, na wenyeji walikuwa na wafinyanzi wao. Hawakuhitaji vyungu; walihitaji chuma kilichokamilika na vioo. Chuma huliwa na kutu, au hufuliwa upya kuwa kifaa kingine. Basi biashara kubwa iliweza kufanyika na kuacha vigae vichache mno. Anayepima ukubwa wa biashara hiyo kwa kuhesabu vigae anapima kwa kibaba kisicho chake.

Tatu, vinaonyesha uwezo wa wenyeji wa kuchagua. Mfanyabiashara anayebeba mvinyo na ngano ili kupata urafiki anakiri kwamba urafiki huo una bei na unaweza kunyimwa. Pembe za ndovu hazikujipeleka pwani zenyewe; palikuwa na wawindaji, wabebaji na wakuu wa mahali waliojua thamani yake. Kigae cha mtungi wa mvinyo ni dalili ya nguvu yao katika mapatano.

Nne, vigae hivyo haviwezi kueleza asili ya miji ya Waswahili. Katikati ya shanga za Mkukutu au vigae vya Unguja Ukuu na miji ya mawe ya karne za baadaye kuna muda mrefu ambao historia yake imo katika vyungu vya wenyeji. Vyungu vya Kwale, vilivyotambulishwa na Robert Soper mwaka 1967, na vile vya michoro ya pembetatu ambavyo wengine huviita vya Tana, vinaonyesha mfululizo wa ufundi unaounganisha pwani na bara jirani. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, ulionyesha mji uliokua kutoka makazi ya wenyeji, nyumba za miti na udongo zikitangulia za mawe. Wachimbaji wa vizazi vya kwanza walivipa vyungu hivyo nafasi ndogo, wakavitazama kama kifusi kinachozunguka kauri. Hivi leo ndivyo vinavyotoa maana kwa kauri na kwa kigae cha Kirumi pia.

Hapa ndipo kisa cha Bur Gao kinapopata maana yake kamili. Kosa halikuwa kutupa chombo cha Kigiriki tu. Hakuna aliyeandika kilikuwa kimezungukwa na nini. Hata kama mtungi ule ungehifadhiwa mzima hadi leo, bila vyungu vilivyolala kando yake ungeweza kusema ulikotoka, lakini usingeweza kusema ulipokelewa na nani.

7. Maana yake kwa sera

Vitu vya kale havitaacha kupatikana kwa bahati, na huenda vikaongezeka. Mawimbi yanakula fukwe, mchanga unachimbwa kwa ajili ya ujenzi, barabara zinapanuliwa na bandari zinachimbwa kina kirefu zaidi. Wanaoona vigae kwanza ni wavuvi, wakulima, mafundi ujenzi na watoto wanaocheza, kabla ya mwanaakiolojia yeyote kufika.

Sheria zipo. Tanzania Bara inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliyorekebishwa mwaka 1979. Zanzibar ina sheria yake. Kenya inayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kimsingi anayegundua kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa. Pengo lipo kati ya wajibu huo na mtu anayetakiwa kuutimiza. Mvuvi hawezi kujua kwamba kipande chekundu kinachong'aa kina tofauti na kigae cha chungu cha nyanya yake, wala hana ofisi ya karibu ya kukipeleka. Akikipeleka, mara nyingi kinapokelewa kama kitu, huku mahali kilipotoka pakiachwa bila kuandikwa.

Uingereza na Wales, nchi zilizokuwa chini ya Roma na ambazo vigae vya Kirumi hujitokeza mashambani kila mara baada ya kulima, zilianzisha mwaka 1997 mpango wa hiari wa kuandikisha vitu vinavyopatikana na raia. Mpango huo umeorodhesha zaidi ya vitu milioni moja, na kinachothaminiwa zaidi katika kila kumbukumbu ni mahali. Mazingira ya Afrika Mashariki ni tofauti, na mpango wa namna hiyo hauwezi kunakiliwa jinsi ulivyo. Msingi wake, hata hivyo, unaweza kutumika kwa gharama ndogo.

Mapendekezo manne yanafuata. La kwanza ni kuwa na fomu moja fupi ya Kiswahili, inayotumika katika nchi zote za ukanda huu, yenye maswali machache: kitu kimepatikana wapi, kwa kina gani, lini, wakati wa kazi gani, na kando yake palikuwa na nini. Fomu hiyo ipatikane katika ofisi za serikali za mitaa, vituo vya wavuvi na shule, na picha iliyopigwa kwa simu kabla kitu hakijaondolewa ikubaliwe kuwa sehemu ya taarifa. La pili ni kuweka sharti la kuhifadhi vigae vyote vya mahali pamoja, vya kigeni na vya wenyeji, bila kuchagua vinavyopendeza. La tatu ni kuandaa mikusanyo ya vielelezo katika makumbusho na vyuo vikuu vya pwani na vya bara, yenye vipande vilivyokwisha kutambuliwa, ili mtaalamu wa Kampala, Bujumbura au Lubumbashi aweze kulinganisha bila kusubiri jibu kutoka Ulaya. La nne linahusu malipo. Mtoa taarifa apewe heshima kwa jina lake kuingizwa katika kumbukumbu, akiridhia, na kwa matokeo kurudishwa kijijini kwake. Asilipwe bei ya kitu. Penye bei huzuka wachimbaji wa usiku, na wachimbaji hao huharibu yale matabaka ambayo ndiyo hazina yenyewe.

8. Hitimisho

Vigae vya Kirumi vilivyopatikana katika mwambao huu ni vichache, na vinatosha kuthibitisha jambo la kadiri: kwamba katika karne za kwanza B.K. pwani hii ilikuwa sehemu ya biashara iliyofika Mediterania kupitia Bahari ya Shamu na Yemeni, na kwamba wenyeji wake waliishiriki kwa masharti waliyoweza kuyajadili. Havithibitishi makoloni ya Kirumi, wala havielezi chanzo cha ustaarabu wa Waswahili. Anayevitaka viseme zaidi ya hapo anaondoka katika ushahidi na kuingia katika matamanio.

Nguvu ya ushahidi huo haiongezwi na uzuri wa kipande kinachookotwa. Inaongezwa na uangalifu wa anayekiokota na anayekipokea. Mtungi wa Bur Gao ulipotea kwa kuwa hakuna aliyedhani vigae vina la kusema. Kigae kitakachoibuliwa na mawimbi msimu ujao, pengine kwenye ufuo wa Mafia, Kilwa au Lamu, kitalala kwanza katikati ya vyungu vya watu wa hapo. Kikiondolewa peke yake, kitakuwa kumbukumbu ya Roma. Kikiandikwa pamoja na majirani zake, kitakuwa sehemu ya historia ya pwani.